Wazungu Wasio na Kwao

Barabara ya Unguja ya kutoka mjini kwenda Paje inakata Tunguu, inapita karibu na vyuo vikuu na ofisi za Mkoa wa Kusini, na kipupwe cha Ulaya kikianza mabasi ya watalii huwa hayakatiki. Ndani yake wamo Wapolandi wengi. Miaka ya karibuni nchi yao imeingia katika zile zinazoleta wageni wengi Unguja, hata vijana wanaouza shanga ufukweni wameshaongeza "dzień dobry" juu ya Kiitaliano chao cha zamani. Wageni hao hukaa wiki moja au mbili, wakababuka jua, wakanunua karafuu na vanila, wakarudi kwao.

Wako wenzao waliowatangulia Afrika Mashariki, na wao hawakuja kuogelea. Waliteremka Mombasa, Tanga na Dar es Salaam kuanzia nusu ya pili ya mwaka 1942, wamekonda, wengine bado wamenyolewa vipara kwa ajili ya chawa, na baadhi yao walikaa hadi miaka minane. Walikuwa kiasi cha 13,000, wengi wao wanawake na watoto. Tanganyika ilipokea zaidi ya 6,000, Uganda idadi kama hiyo, na Kenya sehemu ndogo iliyobaki. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, kilomita chache mashariki ya Arusha, ambako katika kilele chake waliishi watu wapatao 5,000.

Mwenyeji wa Tanganyika wa zama hizo alimjua Mzungu kwa sura tatu: Bwana Shauri, mmishenari na mwenye shamba. Mzungu aliyefika hana viatu, hana mume, hana serikali na hana pesa ya kununulia yai, huyo hakuwa amewahi kumwona.

Kisa chao kinaanza tarehe 1 Septemba 1939, siku majeshi ya Ujerumani yalipovuka mpaka wa Polandi. Tarehe 17 ya mwezi huo huo Jeshi Jekundu la Kisovieti likaingia kutoka mashariki. Hitler na Stalin walikuwa wamekwisha kuandikiana mwezi Agosti namna ya kuigawana nchi hiyo, na ndani ya wiki tano Polandi haikuwepo tena kwenye ramani.

Upande wa magharibi Wajerumani walitawala kama watu wanaosafisha kiwanja kabla ya kujenga chao. Mwezi Novemba 1939 waliwaita maprofesa wa Chuo Kikuu cha Kraków kwenye mkutano, wakawakamata zaidi ya 180 na kuwapeleka kambi ya mateso. Vyuo na shule za sekondari za Wapolandi vikafungwa, maana kwa hesabu ya mvamizi, Mpolandi hakuhitaji elimu zaidi ya kutii amri. Walimu wakaendelea kusomesha kwa siri majumbani, na adhabu ya kugunduliwa ilikuwa kambi au kifo. Watu walizingirwa barabarani mchana kweupe na kupelekwa Ujerumani kufanya kazi za shuruti. Wayahudi walifungiwa katika mitaa iliyozungushiwa kuta, wakaachwa wafe njaa, kisha wakasombwa kwenda Treblinka, Auschwitz na mahali pengine palipojengwa kwa kazi moja tu ya kuua. Vita vilipokwisha, raia wa Polandi karibu milioni 6 walikuwa wamekufa, na kiasi cha nusu yao ni Wayahudi.

Lakini waliofika Tengeru hawakumkimbia Hitler, na hapa ndipo wasimulizi wengi huteleza. Walitoka mashariki, upande ulioshikwa na Wasovieti. Wengi walikuwa familia za wakulima na askari wastaafu waliopewa ardhi huko baada ya vita vya 1920 dhidi ya Wasovieti, walinzi wa misitu, walimu na watumishi wa serikali. Kwa Stalin hao walikuwa adui kwa kazi zao tu. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940, katikati ya baridi kali, askari wa NKVD, polisi wa siri wa Stalin, waligonga milango elfu kwa elfu kwa wakati mmoja. Familia zilipewa muda mfupi kukusanya virago, pengine nusu saa, kisha zikapandishwa mikokoteni ya theluji hadi stesheni.

Treni zilizowasubiri zilikuwa za mabehewa ya ng'ombe. Ndani mliwekwa mbao za kulalia, jiko dogo la chuma na tundu sakafuni lililokuwa ndicho choo, mbele ya macho ya watu wote. Safari ilichukua wiki kadhaa. Waliokufa njiani, hasa vichanga na wazee, walishushwa na kuachwa kando ya reli. Misafara mingine mikubwa ilifuata Aprili na Juni 1940, na wa nne Juni 1941. Hati za Kisovieti zilizofunguliwa baadaye zinataja watu wapatao 320,000 katika misafara hiyo minne, ingawa Wapolandi wenyewe kwa miaka mingi walihesabu zaidi sana.

Wengine walipelekwa misitu ya Arkhangelsk na Siberia kukata magogo, wengine mashamba ya pamoja ya Kazakhstan. Mkate ulipimwa kwa gramu kulingana na kazi, na mtoto asiyefanya kazi alikula cha mama yake. Wakati huo huo, katika majira ya kuchipua ya 1940, maofisa, mapolisi na wasomi wa Kipolandi wapatao 22,000 waliokuwa mateka walipigwa risasi kwa amri ya Moscow, wakafukiwa msitu wa Katyn na sehemu nyingine. Wake zao huko Kazakhstan waliona tu barua zimekatika.

Mlango ulifunguka kwa sababu wezi wawili waligombana. Juni 1941 Hitler alimvamia Stalin, na Stalin, akihitaji marafiki, akatia saini mkataba na serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London. Mwezi Agosti wafungwa na waliohamishwa wakatangaziwa "msamaha". Msamaha wa kosa gani, hakuna aliyewaambia. Jenerali Władysław Anders alitolewa gereza la Lubyanka akapewa kazi ya kuunda jeshi la Kipolandi ndani ya Urusi, na habari hiyo ilipozagaa watu walianza kuteremka kusini kwa treni, kwa mashua na kwa miguu, wakilitafuta jeshi hilo. Hawakuwa wanaume peke yao. Wanawake walikuja na watoto wao, na watoto wengine walikuja peke yao wakiwaongoza wadogo zao, maana kule walikotoka hakukuwa tena na mtu mzima.

Jeshi lilipohamia Uzbekistan, homa iletwayo na chawa, kuhara damu na malaria viliua watu kuliko risasi. Askari walipewa posho ya chakula wakagawana na raia waliopanga foleni nje ya kambi. Hatimaye, mwezi Machi na Aprili na tena Agosti 1942, meli zilizojaa kupita kiasi ziliwavusha Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi bandari ya Pahlavi, Iran. Walivuka watu wapatao 115,000, kiasi cha theluthi moja wakiwa raia. Ufukweni nguo zao zilichomwa moto na nywele zikanyolewa. Wako waliokufa pale pale kwa sababu ya kula: tumbo lililokaa na njaa miaka miwili halikuweza kuustahimili mlo wa kwanza wa nyama na mafuta.

Hawa ndio waliopona. Waliobaki nyuma walikuwa wengi zaidi.

Iran haikuwa mahali pa kukaa. Ilikuwa imeshikwa na Waingereza na Wasovieti, chakula kilikuwa haba, na Uingereza ilizitaka reli na bandari zake kwa mizigo ya vita. London ikaangalia ramani ya himaya yake ikitafuta pa kuwaweka raia hao, na wino ukaangukia India na Afrika. Mexico ilipokea wachache, na New Zealand ikachukua mayatima zaidi ya 700 mwaka 1944. Lakini Afrika ndiko walikokwenda wapatao 19,000, kutoka Uganda na Kenya hadi Rhodesia mbili na Afrika ya Kusini.

Walivuka bahari yetu hii. Walitoka bandari za Ghuba na Karachi wakafuata njia ambayo majahazi yaliifuata kwa kaskazi miaka na karne, ila wao walikuwa ndani ya meli za jeshi zilizozimwa taa usiku kwa kuogopa nyambizi za Kijapani. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na karibu watu 1,300 wakafa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wakielekea vita vya Burma. Vijana wa pwani na bara walipelekwa kupigana vita vya wengine, na familia zilizofukuzwa na vita hivyo hivyo zililetwa kukaa kwao.

Unguja yenyewe haikuwekwa kambi. Vita viliigusa kwa njia ya chungu: mchele ulioliwa visiwani ulitoka Burma, na Wajapani walipoitwaa Rangoon mwezi Machi 1942, mchele ukakatika. Watu waliozoea wali wakarudi kwenye muhogo, na serikali ikawa inahimiza kila kipande cha ardhi kilimwe chakula.

Hata hivyo kisiwa hiki kilikuwa na sehemu yake katika vichwa vya watoto wale kabla hawajaliona bara la Afrika. Mwezi Februari 1891, mwaka mmoja haujatimia tangu Unguja iwekwe chini ya ulinzi wa Waingereza, mwandishi wa Kipolandi Henryk Sienkiewicz aliteremka hapa, akavuka Bagamoyo, akapokewa na mapadri wa misheni na kuingia bara. Hakufika mbali, homa ilimrudisha. Lakini aliandika barua za safari ile, na miaka 20 baadaye, akiwa ameshapata Tuzo ya Nobel, akatunga riwaya ya watoto wawili wa Kizungu wanaopotea Afrika. Kila mtoto wa Kipolandi aliyejua kusoma aliijua riwaya hiyo. Kwa hiyo walipoambiwa kwamba wanapelekwa Afrika, wengi walidhani wanakwenda kuishi ndani ya kitabu: simba, tembo na homa.

Homa waliikuta, na simba walimsikia. Wasichokitegemea ni funza.

Tengeru ilijengwa kwenye mteremko wa Mlima Meru, karibu na Ziwa Duluti, katika nchi ya migomba na kahawa. Wenyeji walijenga nyumba za msonge kwa mamia, kuta zimepakwa chokaa, paa za majani, sakafu ya udongo, madirisha bila vioo. Ndani mlikuwa na vitanda, vyandarua, meza na taa ya mafuta. Mama aliyetoka kwenye banda la magogo la Siberia aliiona nyumba hiyo kuwa salama. Mama huyo huyo usiku aliogopa nyoka aliyeshuka kwenye majani. Watoto waliopewa amri ya kuvaa viatu walivivua, na jioni wauguzi wakakaa na sindano wakiwachokoa funza vidoleni.

Baada ya miezi michache kambi ikawa mji. Palikuwa na hospitali, kanisa Katoliki, mahali pa ibada pa Waorthodoksi na sinagogi, kwani waliohamishwa na Stalin hawakuwa wa dini moja. Palikuwa na shule za msingi, sekondari, shule ya kilimo na ya ufundi wa cherehani, nyumba ya mayatima, shamba, jukwaa la maigizo na vikundi vya skauti. Mtoto aliyepoteza miaka mitatu ya masomo Siberia aliweza kumaliza sekondari kwa Kipolandi chini ya mlima wa Wameru, kwa vitabu vichache vilivyopita mikono mingi. Wakati huo Warsaw kusoma sekondari ya Kipolandi lilikuwa kosa. Hili lina ajabu yake: kwa miaka kadhaa, msichana wa Kipolandi alisoma kwa uhuru zaidi Tengeru kuliko Kraków.

Kambi nyingine zilikuwa ndogo. Tanganyika palikuwa na Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Kidugala ilikuwa misheni ya Walutheri wa Kijerumani, na wamisionari wenyewe walikuwa wamekamatwa kama raia wa adui. Hivyo Wapolandi wakaingia kulala katika nyumba zilizojengwa na Wajerumani. Uganda palikuwa na Koja, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, na Nyabyeya karibu na Masindi, iliyokatwa pembeni ya msitu wa Budongo. Kanisa walilolijenga Nyabyeya, la Bikira Maria Malkia wa Polandi, lipo hadi leo na waumini wa Uganda wanasali humo.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tengeru jembe alipewa mwenyeji.

Tangu mwanzo maofisa wa kikoloni walikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wao haukuwa wa chakula wala dawa. Utawala wa watu wachache juu ya watu wengi ulisimama juu ya imani kwamba Mzungu ni wa namna nyingine: hachoti maji, habebi kuni, hatembei peku. Sasa wameletwa maelfu ya wakulima wa Kizungu waliozoea kufanya yote hayo. Mwanahistoria Jochen Lingelbach, katika kitabu alichokichapisha 2020 juu ya Wapolandi wa makoloni ya Afrika, anawaweka kwenye ukingo wa uzungu: walikuwa ndani yake kwa rangi, nje yake kwa umaskini. Serikali ikaamua kuwaweka mbali na miji na mashamba ya walowezi, na ikaajiri Waafrika wawapikie, wawabebee maji, wawasafishie kambi na kuwalinda. Mama wa Kipolandi aliyekuwa akikata magogo mwaka 1941 alijikuta mwaka 1943 ana mtu wa kumchotea maji. Hakuomba iwe hivyo, na wengi walistarehe nayo upesi.

Jambo jingine lililowakosesha maofisa usingizi ni wanawake wenyewe, maelfu bila waume, kati ya Waafrika ambao wangeweza kuwaona kama wanawake tu. Mahusiano yalizuiwa na kupelelezwa. Pamoja na hayo biashara haikuzuilika. Wanawake wa Kimeru walileta ndizi, maziwa, mayai na matunda. Wapolandi walitoa nguo na vyombo kwa kubadilishana. Watoto ndio waliojifunza Kiswahili haraka, kama kawaida ya watoto, na wakawa wakalimani wa mama zao sokoni.

Nani alilipa? Kwanza serikali ya Polandi ya London, kwa mikopo ya Uingereza. Na wakimbizi wenyewe walilipa kwa namna ambayo haikuandikwa kwenye daftari, kwani waume, kaka na baba zao walikuwa katika jeshi la Anders lililopelekwa Italia. Mwezi Mei 1944 jeshi hilo lilipanda mlima wa Monte Cassino na kuutwaa, na zaidi ya Wapolandi 900 wakabaki pale. Mwaka mmoja kabla yake, Aprili 1943, redio ya Wajerumani ilikuwa imetangaza makaburi ya Katyn, na wanawake waliosubiri barua tangu 1940 wakaanza kuelewa kwa nini hazikuja. Stalin alikana, akavunja uhusiano na serikali ya London. Moscow ilikiri mwaka 1990.

Mwezi Februari 1945, huko Yalta, Churchill, Roosevelt na Stalin walikubaliana mpaka mpya wa Polandi. Karibu mashariki yote ya nchi, kule walikotoka watu wa Tengeru, iliingizwa Umoja wa Kisovieti. Leo ni sehemu za Ukraine, Belarus na Lithuania. Mwezi Julai 1945 Uingereza ikaacha kuitambua serikali ya London na kuitambua ile ya Warsaw iliyowekwa kwa nguvu za Kisovieti. Vita walikuwa wameshinda. Watoto waliambiwa shuleni kwamba Ujerumani imesalimu amri, na jioni ile ile mama zao hawakujua warudi wapi: kijiji kipo, nyumba ipo, lakini nchi iliyokuwa nayo haipo, na aliyewafukuza ndiye mwenye funguo. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Visiwani ni nadra kukosa familia yenye ndugu Muscat, Dubai, London au Copenhagen ambao waliondoka wakidhani ni kwa muda.

Warsaw ilituma wajumbe kuwashawishi warudi. Waliokubali walikuwa wachache. Kwa waliobaki, gharama zilihamia mashirika ya kimataifa, mwisho likiwa Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, IRO, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa na kuanza kazi 1947. Makoloni yalikuwa yamewapokea kwa sharti kwamba vita vikiisha waondoke, na sasa sharti likadaiwa. Wenye jamaa katika jeshi walichukuliwa Uingereza, ambako sheria ya 1947 iliwapa askari wa Anders haki ya kubaki. Meli za 1948 zilijaa familia zao. Wasio na mtu wa kuwaita walihojiwa, wakapimwa vifua na macho, wakasubiri nchi itakayowataka kwa ajili ya mikono yao. Wazee, wagonjwa na wajane wenye watoto wengi ndio waliokataliwa mara nyingi.

Mayatima wakawa mpira wa kisiasa. Warsaw ilidai ni watoto wa Polandi na lazima warudishwe. Padri Mfransisko Łucjan Królikowski, ambaye mwenyewe aliwahi kufungwa Siberia na kutoka na jeshi la Anders, aliona kwamba kuwarudisha ni kuwakabidhi kwa waliowaulia wazazi. Mwaka 1949 aliondoka Tengeru na watoto na vijana karibu 150, wakapanda meli Mombasa hadi Italia, na Septemba mwaka ule wakafika Kanada, ambako Kanisa la Montreal lilijitolea kuwapokea. Serikali ya Warsaw ikapeleka kelele hadi Umoja wa Mataifa ikiita tendo hilo utekaji wa watoto. Watoto walikwisha kugawiwa shule na familia za Quebec. Padri huyo aliishi uhamishoni maisha yake yote yaliyobaki, akafa mwaka 2019 akiwa na miaka 100.

Mwezi Februari 1950 meli ya General Langfitt ilitoka Mombasa ikafika Fremantle, Australia Magharibi, na Wapolandi karibu 1,200 ambao kwao Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo nyumba waliyoishi muda mrefu zaidi tangu utoto. Mwanzo wa miaka ya 1950 kambi zilikuwa zimefungwa. Watu wachache sana walibaki, mmoja mmoja, na Tengeru ilikuwa na Mpolandi wake wa mwisho hadi mwaka 2015. Ifunda ikawa shule ya ufundi iliyosomesha vizazi vya Watanzania. Nyabyeya kikawekwa chuo cha misitu. Eneo la Tengeru leo lina chuo cha mifugo, na ndani ya uwanja wake yapo makaburi karibu 150, mengi ya Wapolandi, yenye misalaba na walau kaburi moja lenye Nyota ya Daudi.

Wakati kambi ya Tengeru inafungwa, upande wa kaskazini wa Mlima Meru huo huo serikali ya Tanganyika ilikuwa inapanga jambo jingine kwa Wameru, majirani wa Wapolandi. Ilitaka ardhi ya Engare Nanyuki iwe ya ufugaji wa Wazungu. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu; nyumba zao zilichomwa, na wengi wakakataa eneo la King'ori walilopewa badala yake. Hapakuwa na aliyewajengea msonge wa chokaa wala shule. Walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet New York, na mwaka 1952 akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza namna watu wanavyofukuzwa kwao. Mkutano Mkuu ulipopiga kura mwezi Desemba, azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili. Shirika la IRO, lililokuwa limelipia chakula cha Tengeru, lilikuwa limefunga hesabu zake mwanzoni mwa mwaka huo huo, na Wameru kwa vyovyote wasingeingia kwenye daftari lake: liliundwa kwa waliofukuzwa na vita vya Ulaya.